Pori la Umma Hupotelea Kwenye Karatasi

Hotuba iliyotolewa mjini Lindi mbele ya wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji, madiwani, walimu na wanafunzi

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, wazee wangu, mama zangu, ndugu wajumbe wa kamati za maliasili, wageni wetu kutoka Mtwara, na ninyi wanangu wanafunzi mliokaa nyuma: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Poleni na safari. Najua ndugu wa Liwale mmetoka kwenu jana, na wa Nanjirinji hamkulala, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye lililonileta.

Nimekuwa bwana misitu katika mkoa huu mpaka nikastaafu. Nimeona misitu ikiungua, ikifyekwa kwa ajili ya ufuta, ikigeuzwa mkaa, ikipasuliwa mbao usiku. Hayo mnayajua kuliko mimi, na kamati zenu zinapambana nayo kila siku. Leo nimeomba nizungumzie upotevu wa aina nyingine, ambao hauna mlio wa msumeno. Ni pale msitu wa umma, au ufukwe wa umma, au kiwanja wanachochezea watoto, unapohama mikono kwa karatasi zenye mihuri, na wenyewe wakaja kujua siku wanapokuta kamba na mlinzi. Ukiona tingatinga limeingia porini, ujue pori hilo limeshaondoka zamani. Liliondokea kwenye mkutano fulani, kwenye muhtasari fulani, mbele ya watu ambao ama hawakuwepo, ama walikuwepo wakanyamaza.

Nitawaeleza karatasi moja niliyoishika kwa mikono yangu. Kijiji sikitaji, maana wenyewe walikwisha kulimaliza jambo lao. Ilikuwa orodha ya mahudhurio ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, kurasa za daftari zilizobanwa kwa pini nyuma ya muhtasari uliosema kwamba wananchi kwa kauli moja wameridhia kumpa mwekezaji eneo la msitu lililoko upande wa mtoni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa kama orodha nyingine yoyote ya kijijini: miandiko tofauti, saini zilizopinda, madole gumba ya wino wa bluu. Ukurasa wa pili majina yote yalikuwa ya mwandiko mmoja, kalamu moja, na kila saini ilikuwa na mkia ulioelekea upande ule ule. Katikati ya orodha nikamkuta mzee ambaye mimi mwenyewe nilihudhuria maziko yake kabla ya tarehe ya mkutano huo. Na muhuri wa kijiji ulikuwepo, umekaa vizuri pale chini, hauna kasoro.

Nilipouliza, wengi wakaniambia hawakuwa na habari. Mkutano uliitishwa wakati wa kuokota korosho, watu wamehamia mashambani, tangazo likabandikwa kwenye mlango wa ofisi ambako hapiti mtu. Aliyewaokoa ni mama mmoja, mjumbe wa kamati. Kwenye mkutano uliofuata wa robo mwaka alisimama akaomba muhtasari uliopita usomwe kwa sauti, pamoja na majina ya waliohudhuria, moja baada ya jingine. Mwenyekiti akasema muda hautoshi. Mama akasema yeye ana siku nzima. Likasomwa jina, mwenye jina akasimama akasema sikuwepo. La pili, sikuwepo. Lilipofika jina la marehemu, mwanawe akaomba kusema, na hapo muhtasari ukakataliwa na mkutano mzima. Msitu ule upo mpaka leo. Mama yule hakushika panga wala bango, aliomba karatasi isomwe tu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tunalo, shida ni kwamba tumemwachia mtu mmoja aliandike na alisome peke yake.

Ndugu zangu, mikoa yetu ya kusini imepitia jambo hili mara nyingi kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1895 utawala wa Kijerumani ulitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao. Na nani aliamua kwamba haina mwenyewe? Waliamua wao. Shamba lililolazwa ili lirudishe rutuba, msitu wa matambiko, pori la kuchimba ming'oko wakati wa njaa, vyote hivyo machoni pa aliyeandika amri vilikuwa pori tupu.

Mnajua kilichofuata pale Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji huu tuliokaa. Kuanzia 1909 hadi 1913 ilichimbwa mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, ikabebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa mpaka hapa bandarini Lindi, ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake kinapita mita 13, na watu wa dunia nzima wanalipa kwenda kumtazama. Waliomtoa kwenye udongo ni mamia ya vibarua wa huku kwetu, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Walimu mlioko hapa, nawaomba sana, jina hilo lifundisheni. Mtoto wa Lindi anayesoma sayansi anastahili kujua kwamba kazi kubwa kama ile ilipita kwenye mikono ya mtu kama babu yake.

Halafu ikaja karanga. Vita vya pili vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na serikali yake ikaamua kulima karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Wataalamu walizunguka kwa wiki chache mwaka 1946, wakaona mapori makubwa wakaona hayana kazi. Mwaka uliofuata mitambo ikaanza kung'oa miti. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, zaidi ya pauni milioni 30 zimeteketea. Tulibakiwa na bandari ya Mtwara, ambayo ni jambo jema, na reli iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miti iliyong'olewa haikuwahi kuhesabiwa na mtu.

Uhuru ulikuja, na sheria zetu zikauweka msingi mwingine. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya asili ya nchi na mali inayomilikiwa kwa pamoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inakipa kijiji usimamizi wa ardhi yake, na inasema wazi jinsi ardhi hiyo inavyoweza kuhaulishwa, yaani kuhamishwa kutoka mikononi mwa kijiji. Eneo likiwa halizidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Likizidi hapo uamuzi ni wa waziri, lakini lazima azingatie mapendekezo ya mkutano huo. Na hakuna ardhi ya kijiji inayohaulishwa kabla aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kuilipa havijakubaliwa. Sijui kama kuna nchi nyingi katika Afrika zilizomweka mwanakijiji karibu hivyo na mlango wa ardhi yake. Mlango tumepewa. Swali langu ni nani amekaa mlangoni.

Wenzetu wa Kilwa wanalijua jibu lake kwa maumivu. Miaka ya 2006 mpaka 2009 kampuni moja ya kigeni ilikuja kulima mibono, ile ya kukamua mafuta ya kuendeshea mitambo. Ilikuwa ikitafuta zaidi ya hekta 30,000 katika vijiji vinne. Nawaomba mlitazame jambo hili taratibu, maana lina kila kitu ninachotaka kusema. Ardhi ile ilikuwa na miombo na misitu ya pwani, ina mpingo ndani yake, wanyama wanapita. Mikutano ilifanyika, mihtasari ikaandikwa, saini zikawekwa. Ahadi zilikuwa za ajira, barabara, shule na visima. Sehemu ya fidia ikaenda halmashauri, sehemu ikafika vijijini. Vibarua vilikuwepo kwa muda. Miti ikakatwa. Kisha fedha zikakauka, kampuni ikaondoka, mibono ikabaki na mbuzi.

Lililo zito zaidi ni hili. Ardhi ya kijiji ikishahaulishwa inakuwa ardhi ya jumla, yaani inatoka kwenye usimamizi wa kijiji. Mwekezaji akifilisika, hairudi kijijini yenyewe. Mwanakijiji aliyetia saini akidhani anakodisha shamba kwa miaka kadhaa anakuja kugundua kwamba alikuwa anaaga. Wanawe wakitaka kulima pale wanaambiwa wavamizi. Ndiyo maana mtu akija kijijini kwako na gari jeupe na kitabu chenye picha nzuri, swali la kwanza lisiwe atatujengea nini. Swali la kwanza liwe: akishindwa, ardhi hii itakuwa ya nani? Jibu aliandike, lisomwe mkutanoni, liingie kwenye muhtasari.

Na msidhani ni vijiji tu. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous, ambalo ni urithi wa dunia tangu 1982, ulisogezwa upande wa kusini ili kupisha mgodi wa urani wa Mto Mkuju kule Namtumbo. Kilichomegwa ni chini ya asilimia moja ya pori lote, na waliotetea hatua hiyo waliitaja sana asilimia hiyo. Uamuzi ulipitishwa kwenye kikao cha Kamati ya Urithi wa Dunia mjini St Petersburg, Urusi. Mkulima wa Liwale anayelala macho akilinda mpunga wake dhidi ya tembo wa pori hilo hilo hakuwa kwenye ukumbi ule. Mimi sisemi nchi isichimbe madini. Nasema mpaka tulioambiwa ni mtakatifu, ambao mwanakijiji akiuvuka na mkuki anafungwa, umesogezwa kwa kalamu, na mpaka ukishasogezwa mara moja, wa kuuomba usogezwe tena hakosekani.

Sasa tujiulize tunalinda nini. Wanafunzi, hili ni lenu hasa.

Kule Rondo, juu ya uwanda, kuna msitu ambao enzi za mkoloni ulivunwa magogo ya mvule mpaka ukakonda. Leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Humo anaishi komba mdogo kuliko makomba wote, uzito wake ni kama gramu 60, mkia wake umetawanyika manyoya mwishoni mfano wa brashi ya kusafishia chupa. Dunia inamwita kwa jina la Rondo. Ukikaa kimya msituni usiku utamsikia kabla hujamwona: mlio wa haraka haraka, unapanda, unakatika, unaanza tena kwenye mti mwingine, na ukiwasha tochi unapata macho mawili mekundu yanayoruka kutoka shina hadi shina karibu na ardhi. Yupo pia Litipo karibu na Rutamba, yupo Chitoa, yupo Ziwani kule Mtwara, na katika vipande vichache vya misitu ya pwani kuelekea kaskazini. Basi. Vipande hivyo ni vidogo na vimeachana, komba hawezi kuvuka shamba la ufuta kwenda kutafuta mchumba. Kila kipande kikipewa mtu, makomba wa pale wamekwisha, hawana pa kuhamia.

Yapo pia mambo ambayo hayana macho mekundu wala hayapigwi picha. Mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma, ya Lindi, ya Kilwa, yote kwa sheria ni msitu wa hifadhi wa serikali, na hata hivyo tumeona sehemu zikigeuzwa mabwawa ya chumvi. Kambamiti na samaki wanakulia kwenye mizizi ya mikoko. Anayefyeka mikoko kwa ajili ya chumvi anauza chumvi yake mwenyewe, lakini samaki anaowaondoa walikuwa wa wavuvi wote wa pwani hiyo. Hiyo ndiyo hesabu ya kubinafsisha mali ya umma, na sijaona mchanganuo wa mradi wowote ulioiweka hesabu hiyo kwenye safu yake.

Ndugu zetu wa Mtwara wataniuliza habari za Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Nitasema ninavyoamini. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 2000, ina kilomita za mraba kama 650, bahari na nchi kavu, na vijiji vimo ndani yake. Gesi ilikwisha kugunduliwa hapo tangu 1982, na visima vya Msimbati vimo ndani ya mipaka ya hifadhi. Basi mvuvi wa Msimbati anaishi na mambo mawili. Anaambiwa wavu wake wa macho madogo unaharibu hifadhi, na kweli unaharibu. Wakati huo huo anaona mitambo, uzio na bomba. Wavuvi wengi wa pale walilalamika kwamba hifadhi imewabana wao peke yao, na malalamiko hayo siwezi kuyapuuza. Hifadhi inayomfukuza mvuvi na kumkaribisha mwenye mtaji imekwisha kubinafsishwa, hata kama bango la serikali bado limesimama pale mlangoni. Tukitaka watu walinde hifadhi, sheria ya mipaka imbane mkubwa kwanza, ndipo mdogo atatii bila kusukumwa.

Naona baadhi yenu mnanitazama mkiwaza: huyu mzee hataki maendeleo. Vijana hawana kazi, bei ya korosho inapanda na kushuka, mtu akileta hoteli tumkatae? Hapana. Alete. Msimbati ina ufukwe ambao sijaona mfano wake, na mgeni akija kuutazama alale, ale, alipe. Lakini hoteli haina lazima ya kukaa juu ya mchanga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito. Mwekezaji mwenye nia njema atajenga nyuma ya mita hizo, na mtoto wa kijiji atapita mbele ya hoteli na ndoo yake ya pweza bila kuulizwa anakwenda wapi. Mwekezaji anayesisitiza lazima ashike na maji ya chumvi, huyo anataka kununua kile kilichowafanya watu waje, na siku akikizungushia ukuta sisi wengine tutalipa kukiona.

Na tunao ushahidi wetu wenyewe kwamba msitu ukibaki mikononi mwa umma unaweza kuleta fedha. Sina haja ya kwenda mbali. Kilwa hiyo hiyo iliyoumizwa na mibono ndiyo yenye Kikole na Kisangi. Vijiji hivi vilitumia Sheria ya Misitu ya 2002, vikatenga misitu yao kuwa hifadhi za misitu za vijiji, vikaweka mipaka, vikaandika sheria ndogo, na mwaka 2009, wakisaidiwa na Shirika la Mpingo, vikaingia kwenye cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu. Mpingo wao ukauzwa kwa bei iliyopangwa na kijiji, mti kwa mti, umepimwa na kugongwa nyundo ya kutia alama. Baadaye vijiji vingine vikafuata, na Nanjirinji mko hapa, mnaweza kusimama mkaeleza wenyewe kwenye maswali. Mpingo unachukua miaka 70 na kuendelea mpaka ufae kuvunwa. Anayeukata leo hakuupanda, na anayeulinda leo hatauvuna. Ni mti ambao mtu mmoja hawezi kuumiliki sawasawa, maisha yake hayatoshi. Kijiji kinaweza.

Liwale nao wana Msitu wa Angai, zaidi ya hekta 100,000, wa vijiji kwa ushirika. Ulianza kupiganiwa tangu miaka ya 1990, na ilichukua muda mrefu. Wazee wa Liwale, kwa hilo nawaheshimu.

Niseme pia juu ya jambo jipya linalobisha hodi, la biashara ya hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kutunza msitu unaofyonza hewa hiyo. Kanuni zake kitaifa zilitoka 2022, na makampuni yanazunguka yakitaka mikataba na vijiji vyenye misitu. Mimi silipingi, linaweza kuwa na heri. Lakini mkataba wa miaka 30 au 40 ni mkataba unaosainiwa kwa niaba ya watu ambao hawajazaliwa. Usisainiwe siku ulipoletwa. Uandikwe Kiswahili, usomwe kwenye Mkutano Mkuu, ulale kijijini, usomwe tena. Mwanasheria wa halmashauri aje auchambue mbele ya watu wote na siyo ofisini kwa mwenyekiti.

Mnaweza kusema haya yote yanahitaji watu wenye nguvu. Mwaka 1989 jijini Nairobi chama tawala kilipanga kujenga jengo la ghorofa 60 katikati ya bustani ya Uhuru, mahali ambapo mtu asiye na shilingi mfukoni anaweza kukaa kivulini na watoto wake siku ya Jumapili. Wangari Maathai, mama mtetezi wa mazingira wa Kenya, alianza kwa barua. Aliandika kwa serikali, aliandika kwa wafadhili, akauliza nani ameruhusu na kwa kikao kipi. Alitukanwa bungeni, ofisi ya harakati zake ikafukuzwa kwenye jengo la serikali. Akaendelea kuandika. Wafadhili wakajitoa na jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, alikwenda kupanda mti kwenye msitu wa Karura, uliokuwa umegawiwa watu kimya kimya, akapigwa kichwani na walinzi mpaka damu ikamtoka. Karura upo mpaka leo, na wenye Nairobi wanatembea humo na watoto wao. Nataka mzingatie utaratibu wake: barua kwanza, swali kwanza, na nakala kwa kila anayehusika.

Sisi tunazo zana ambazo yeye hakuwa nazo. Tangu 2016 kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Raia yeyote anaweza kuandika kwa ofisi ya umma kuomba taarifa, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Unaweza kuomba muhtasari. Unaweza kuomba ramani ya upimaji. Mradi mkubwa unatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wanaoguswa wanatakiwa kusikilizwa: mkisikia watu wa tathmini wamekuja, msiwape chai tu, wapeni maneno yaandikwe, na hakikisheni mmebaki na nakala. Barua ya kijiji iende na nakala kwa mkuu wa wilaya, kwa Baraza la Mazingira, kwa Wakala wa Misitu, na nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa, kesho mtaambiwa haikufika.

Waheshimiwa madiwani wa mjini, ninyi nina neno lenu. Eneo la wazi la mtaa halina kamati ya maliasili. Halina mpingo, halina komba. Lina magoli mawili ya miti na vumbi, labda mwembe mmoja ambao wazee hukaa chini yake alasiri. Ndiyo maana linakwenda upesi. Kwanza yanakuja mabati ya kuzungushia, mnaambiwa ni ya muda. Ndani ya mabati zinainuka fremu za maduka au sheli. Watoto wanahamia barabarani na mpira wao. Kubadili matumizi ya kiwanja ni lazima kupite kwenye mamlaka ya mipango miji, na mamlaka hiyo ni ninyi mlioko kwenye kamati. Kila ombi la namna hiyo likifika mezani kwenu, naomba kabla ya kuinua mkono mwende pale saa kumi na moja jioni, mwone nani anakitumia kiwanja hicho. Kisha ndipo muamue.

Wajumbe wa kamati, ninyi ndio mliokaa mlangoni. Bikoni za msitu wenu, zile alama za mipaka, mnazijua zilipo? Si za kusimuliwa. Ile ya kona ya mtoni, mmeiona mwaka huu? Imesimama, au imeng'olewa ikasogezwa shambani kwa mtu? Nendeni mkazikague zote na vijana wawili watatu kila mara, wazijue kwa miguu, maana wazee tunaozijua tunapungua. Andikeni tarehe na hali ya kila moja. Daftari hilo lisomwe kwenye Mkutano Mkuu wa kila robo mwaka, pamoja na mapato na matumizi ya msitu, na mkutano upangwe siku ambayo akina mama wanaweza kuja, maana nimeona mara nyingi kwamba wao ndio wanaouliza.

Katibu ana nakala za kifungu cha uhaulishaji wa ardhi ya kijiji kwa Kiswahili, na mfano wa barua ya kuomba taarifa. Kila kijiji kichukue mbili, moja ya ofisini, moja akae nayo mtu asiye kiongozi. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa ni zamu ya maswali, na ningependa waanze ndugu wa Kilwa.